"Umekipata Wapi?" Hotuba kwa Wauzaji wa Vitu vya Kale, Kisumu

Hotuba hii niliitoa Kisumu mbele ya wauzaji wa vitu vya kale, vinyago na vyombo vya mitumba. Wenzetu wa Kitale, Nakuru na Kakamega ambao hawakuweza kufika waliomba waandikiwe yaliyosemwa. Nimeiacha jinsi ilivyotoka mdomoni. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziruka.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa soko la Kibuye, nanyi vijana mnaouzia kwenye simu bila hata duka: Oyawore! Mulembe! Bwakire! Chamgei! Kama kuna niliyemruka kwa lugha yake, anisamehe, nitampa mkono tukitoka.

Nimeombwa nizungumzie sheria kwa ufupi. Mwenyekiti anajua kwamba kumwambia wakili azungumze kwa ufupi ni kujisumbua, lakini nitajitahidi.

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa amewahi kuletewa kitu kizuri, kwa bei ya kutupa, na mtu asiyemfahamu, jioni wakati anafunga duka? Inueni mikono. Msiogope, hakuna askari humu. Haya, mikono ni mingi. Sasa ninyi mlioinua mikono, mlimuuliza amekipata wapi? Na kama mlimuuliza, jibu lake mliliandika mahali?

Mbona mikono imeshuka?

Ndugu zangu, nimekuja na hayo mawili tu. Amekipata wapi, na umeandika wapi. Nikishuka hapa mkawa mmesahau vifungu vyote vya sheria, hayo mawili yabaki.

Wengi katika biashara hii tunaishi kwa imani moja: mimi sikuiba, nilinunua kwa pesa zangu, basi mwizi atafutwe kwingine. Kanuni ya Adhabu haisemi hivyo. Kifungu cha 322 kinamshika mtu anayeshughulikia mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Narudia, kwa sababu kesi nyingi hufia hapo: akijua, au akiwa na sababu ya kuamini. Hakimu hana haja ya kuingia kichwani mwako atafute ulichokijua. Atatazama yaliyokuwa mbele yako siku ile, ajiulize kama mtu mwenye akili timamu angetilia shaka.

Na adhabu yake? Kifungo kisichozidi miaka 14. Sasa mnajua wizi wa kawaida, ule usio na silaha wala kuvunja nyumba, una miaka mingapi? Kifungu cha 275: mitatu. Mwizi mitatu, mnunuzi kumi na minne! Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, anaona sheria imepinduka. Haikupinduka, mzee wangu. Mwizi wa kengele ya kanisa hana kanisa. Anachohitaji ni mtu wa kuinunua. Waliotunga sheria walijua kwamba pasipo mnunuzi, kengele ingebaki mnarani.

Tazameni pia upana wa kifungu chenyewe. Si kupokea peke yake. Kubaki na mali hiyo kwa nia mbaya, kumsaidia mwingine kuihifadhi, kuihamisha, kuiuza, yote yamo. Kwa hiyo dalali unayesema "mimi nilimwunganisha tu na mteja", umo. Wewe mwenye stoo unayesema "aliniomba nimwekee wiki moja", umo, ikiwa ulikuwa na sababu ya kutilia shaka. Na yule aliyenunua kwa moyo safi Januari, akaja kujua ukweli Machi, kisha akanyamaza akiendelea kutafuta mteja? Huyo hakukosa Januari. Kosa lake lilianza Machi.

Nitawasimulia kisa cha mbali, kwa sababu kimeandikwa vizuri katika kumbukumbu za mahakama na kinafundisha kuliko mifano yangu mimi.

Palikuwa na Mwingereza aitwaye Jonathan Tokeley-Parry, fundi wa kukarabati vitu vya kale. Huyu alikuwa akivitoa vitu Misri kwa siri. Alipopata kichwa cha jiwe cha Farao Amenhotep wa Tatu, mnadhani alikificha chini ya gunia? Hata. Alikipaka plastiki, akakitia rangi ya dhahabu na nyeusi, kikageuka kuwa kinyago cha watalii, cha kununuliwa kando ya barabara. Watu wa forodha wakakiona kwa macho yao, kikapita. Alipofika kwao akakisafisha, kikawa Farao tena.

Lakini Farao asiye na historia hauziki kwa bei ya Farao. Hapo anaingia mtu wa pili, Frederick Schultz, mwenye duka la vitu vya kale New York. Wawili hao wakabuni mkusanyo wa zamani ambao haukuwahi kuwako duniani, wakaupa jina la Thomas Alcock, wakadai vitu vilitoka Misri miaka ya 1920. Wakaandika lebo, na ili zionekane kuukuu wakazichovya kwenye chai. Chai, jamani! Hii hii tuliyokunywa hapa na mandazi. Kichwa kile kikauzwa dola milioni 1.2.

Huyu Schultz hakuwa mchuuzi wa pembeni. Aliwahi kuwa rais wa chama cha kitaifa cha wauzaji wa vitu vya kale nchini Marekani. Mwenyekiti, usinitazame hivyo, sikusemi wewe. Misri ilikuwa na sheria tangu 1983 inayosema kwamba vitu vya kale vinavyochimbuliwa ni mali ya serikali. Kortini Schultz alijitetea kwamba hakujua sheria hiyo. Jaji akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba mtu hawezi kufumba macho makusudi asione kilicho wazi mbele yake, kisha aseme sikuona. Mwaka 2002 akahukumiwa kifungo cha miezi 33, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Mwenzake alikuwa ameshafungwa Uingereza.

Sasa nawauliza ninyi. Mtu akikuletea saa ya ukutani ya zamani ambayo nambari yake imekwanguliwa jana, na vumbi la shaba bado linang'aa mahali pa kukwangua, wewe utasema hukuona? Wewe, ambaye mteja akikuletea kiti cha mzee unakigeuza, unakinusa, unamwambia hiki ni cha juzi kimepakwa rangi ya viatu? Jicho hilo hilo linalokulisha ndilo hakimu atakalokuuliza lilikuwa wapi siku hiyo. Bei ilikuwa robo ya bei unayoijua. Muuzaji hakutaka kutaja jina. Alisema ni cha marehemu babu, ukamuuliza babu wa wapi, akababaika. Moja katika haya laweza kuwa bahati mbaya. Yakikutana matatu, hiyo ndiyo sababu ya kuamini.

Mahakama zetu zina kanuni nyingine inayowapata wengi, ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Upande wa mashtaka ukithibitisha kwamba kitu kimepatikana kwako, kwamba ni cha mlalamishi bila shaka, kwamba aliibiwa, na kwamba aliibiwa karibuni, unatakiwa utoe maelezo ya jinsi ulivyokipata. Usipokuwa nayo, korti inaweza kuamua kwamba wewe ndiwe mwizi mwenyewe au ndiwe mpokeaji. Na hiyo "karibuni" ni muda gani? Hupimwa kwa aina ya kitu. Simu hubadilisha mikono kabla ya jua kutua. Lakini nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, ya miaka sitini, au sanduku la mninga lenye misumari ya shaba, halipiti mikono mitano kwa wiki. Kwa vitu vyenu ninyi, "karibuni" yaweza kuwa miezi kadhaa. Wauza simu wana nafuu kuliko ninyi hapo.

Tuache jela. Tuzungumze pesa, maana naona wengine mmeanza kusinzia.

Tuseme ulinunua kwa nia njema kabisa, hakuna kosa upande wako. Je, kitu ni chako? Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inasema kwa jumla kwamba mtu hawezi kumpa mwingine umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Ipo mianya, kama ya wakala aliyeruhusiwa kuuza, au mwenye mali aliyejiponza mwenyewe kwa maneno yake. Mwizi hamo katika mianya hiyo. Mwizi hana umiliki, wewe huna, na daktari wa Milimani uliyemuuzia hana. Mwenyewe akijitokeza na ushahidi, kitu kitarudi kwake.

Kisha daktari atarudi kwako. Unapouza kitu, sheria inachukulia kwamba umemhakikishia mnunuzi kwamba una haki ya kukiuza, hata kama hukutamka neno. Atataka pesa zake, na ana haki. Na wewe utazitaka kwa nani? Kwa "kijana mmoja mrefu hivi, alikuja na boda"? Hapo ndipo biashara nyingi huzikwa.

Nimewasikia watu Kibuye wakisema, "Mimi nilinunua sokoni, mchana, watu wakiona." England walikuwa na sheria ya kale ya namna hiyo. Kitu kilichouzwa hadharani katika masoko fulani, kati ya macheo na machweo, kilikuwa halali kwa mnunuzi mwenye nia njema hata kama kiliibwa. Soko la Bermondsey kule London likapata sifa ambayo msingeitaka hapa. Bunge lao likaifuta sheria hiyo, ikafa Januari 1995. Waingereza wenyewe waliokuwa nayo kwa karne nyingi walichoka nayo. Ninyi msiitegemee. Jua la mchana halisafishi mali ya mtu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kwetu sisi wa magharibi ni nzito zaidi, na ningeomba wenye simu waziweke chini kidogo.

Kuna vitu ambavyo hata kama aliyekuletea ni mtu mwema, mkristo, mwenye kitambulisho na barua ya chifu, bado huwezi kuvinunua kama kabati. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 imeweka mstari. Kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, hicho ni cha kale kisheria. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 zimelindwa pia. Mnaobomoa nyumba za zamani za maduka ya Wahindi, hapa mjini, Kendu Bay, Mumias, mnanisikia? Ule mlango mnaosema mbao zake ni nzuri za kutengenezea meza, ulizeni kwanza umri wake. Kutoa vitu vya aina hii nje ya nchi bila kibali ni kosa, na hata kuvihamisha na kuviuza humu ndani kunadhibitiwa. Makavazi ya Kisumu yako hapo tu. Kuuliza hakulipiwi.

Na vilivyomo ardhini? Hivyo ni vya serikali. Nchi yetu hii ya ziwa imejaa visukuku: Rusinga, Maboko, Songhor, Koru, Fort Ternan. Ni Rusinga ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948, na wataalamu wanaendelea kuchimba sehemu hizi hadi leo. Mvua ikinyesha, mkulima anaokota jino au taya la jiwe. Sheria inampa siku saba kutoa taarifa, aseme alikipata mahali gani hasa na kwa namna gani, na kitu chenyewe akikabidhi kwa Makavazi. Haimwambii apite kwako kwanza. Akija kwako, kazi yako ni kumwonyesha njia. Ukimpa elfu mbili ukaliweka taya kwenye kabati la kioo, umenunua mali ya serikali kwa mtu asiyekuwa nayo. Na umeua elimu pia, kwa sababu jiwe lililong'olewa mahali pake bila maelezo halimwambii mtaalamu kitu.

Kisha kuna vitu vya jamii. Hapa nitakaa kidogo.

Wenzetu Wamijikenda wa Pwani huchonga vigango, nguzo za mbao za kumkumbuka marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu. Kigango kikishasimikwa, hakiondolewi. Si pambo, ni mtu wa ukoo. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa. Mzee akaomba atafutiwe, vikakosekana. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1999, Udvardy akiwa kwenye mkutano wa wasomi anaona picha inaonyeshwa ukutani ya kitu kilichomo katika makavazi ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Anakitambua. Ni kigango cha Kalume. Cha pili kikapatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarudi Kenya, lakini Mzee Kalume alikuwa ameshafariki.

Vilifikaje huko? Havikuota mabawa. Vijana huviiba, vikapitia maduka ya vinyago, akaja mnunuzi wa kigeni, vikasafirishwa, matajiri wakavinunua, kisha wakavitoa sadaka kwa makavazi. Makavazi ya Denver peke yake yaliamua kurudisha vigango 30, na safari ya kuvirudisha ikachukua miaka, hadi 2019. Katika mnyororo huo wote, ni nani aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuusimamisha? Tajiri wa Marekani hajui Gohu ni nini. Lakini mwenye duka la Mombasa alijua kigango ni nini. Alijua vizuri sana.

Na sisi je? Akija mtu na fimbo ya mzee wa Kinandi, na kofia ya manyoya ya mbega, na ngao, na kengele za tohara za Wabukusu, sisi hatujui ni nini? Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905, fimbo zake zikachukuliwa, zikarudi mwaka 2006. Miaka mia na moja, Wanandi hawakuzisahau. Kwa hiyo usijidanganye kwamba watu watasahau kitu cha ukoo wao kwa kuwa kijana mmoja wa ukoo huo amekiuza alipoishiwa nauli. Hata mtoto wa nyumba anaweza kuwa mwizi wa kitu cha nyumba, kwa sababu cha ukoo si chake peke yake. Uliza: wazee wanajua? Mpigie mmoja wao simu yule kijana akiwa bado amesimama hapo. Utashangaa wangapi watakumbuka kwamba wameacha pikipiki inanguruma nje.

Manyoya na pembe nitapita haraka. Bangili ya pembe ya ndovu, mkia, ngozi ya chui au ya mbega, "cha tangu enzi za babu": Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haiangalii babu. Kwa kumiliki au kuuza nyara bila kibali iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka mitano, na kwa wanyama walio hatarini ni zaidi ya hapo. Usinunue. Waite KWS, shirika la wanyamapori. Na mnaonunua dhahabu na vito vya zamani, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawahusu wafanyabiashara wa madini na vito vya thamani. Tafuteni wakili mkae naye, hilo lina kikao chake.

Sasa daftari.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wao walikuwa wanafikiria ng'ombe na madeni. Kwenu ninyi daftari ndilo wakili wa kwanza. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unazitaka nchi wanachama ziwalazimishe wauzaji wa vitu vya kale kuweka rejista inayoonyesha asili ya kila kitu, jina na anwani ya aliyekileta, maelezo yake na bei yake, na wamwambie mnunuzi kama kitu hakiruhusiwi kutoka nchini. Mkataba wa UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya sheria, wa 1995 unasema mwenye kitu cha wizi atakirudisha, na fidia ataipata yule tu anayeweza kuonyesha kwamba alichunguza kabla ya kununua. Kwetu hapa, wenzenu wa vyuma chakavu wana sheria yao ya 2015 ya leseni na kumbukumbu, na mnakumbuka Januari 2022 biashara yao ilifungwa nchi nzima baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa. Waliokuwa waaminifu wakalala njaa pamoja na wezi. Je, mnataka kungoja mpaka yawafike?

Nunua kitabu kigumu, chenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Andika tarehe na saa, jina, nambari ya kitambulisho ulichokiona kwa macho, nambari ya simu uliyoipiga ikaita mbele yako. Andika hadithi aliyokupa kwa maneno yake mwenyewe, atie sahihi. Pima kitu, kipige picha mbele na nyuma, na mahali penye ufa au alama, kwa sababu ni ufa unaotofautisha kiti kimoja na kingine. Kigango cha Mzee Kalume kilirudi kwa sababu ya picha. Lipa kwa M-Pesa. Mtu anayekataa M-Pesa akataka taslimu tu, na simu anayo mkononi, amekwisha kukujibu swali ambalo hukumuuliza. Na Interpol wana programu ya bure ya simu iitwayo ID-Art, ina orodha ya vitu zaidi ya 50,000 vilivyoibwa duniani. Vingi si vya kwetu, lakini kwa mnaonunua saa, sanamu na picha za Ulaya ni dakika mbili tu.

Tahadhari moja. Nakala ya kitambulisho cha mtu si ya kutupwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Daftari lifungiwe.

Na siku shaka ikiingia? Tuchukue mfano. Kijana amekuletea kengele nzito ya shaba. Ukiigeuza, kuna herufi za jina la meli zilizopigwa tupa nusu. Mwingine ana taa ya reli yenye herufi za shirika. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo taa hiyo pengine haijafikia umri wa kale wa kisheria, lakini haina haja ya kuwa ya kale ili iwe na mwenyewe. Utafanya nini?

Kama hujanunua, usinunue. Usimwambie "niachie, nitakuita kesho", maana umeshaanza kuihifadhi. Usimpigie kelele za mwizi pia. Vijana wa stendi hawangoji ushahidi, na wewe utakuwa umemuua mtu kwa kengele. Andika ulichokiona, sura yake, nambari ya pikipiki, na utoe taarifa.

Kama umeshanunua ndipo shaka imekuja, hapo watu wengi huharibu. Wa kwanza anamrudishia kijana kengele, "chukua kitu chako, sitaki maneno". Ushahidi umekwenda, na yawezekana umemsaidia kuihamisha. Wa pili anaiuza upesi Eldoret, kwa hasara, aiondoe nyumbani. Huyo sasa ameuza akijua. Wa tatu anaisugua ing'ae, herufi zitoweke. Sitamwelezea huyo. Wewe iweke kando, usiisafishe, ipige picha, chukua daftari lako, nenda kituo cha polisi, uhakikishe imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na upewe nambari. Wakiichukua kama kidhibiti, omba maandishi yanayosema wameichukua, nani, lini. Sema kwa upole lakini usiondoke bila karatasi.

Nasikia mnanong'ona: "Wakili, nikienda polisi watanikamata mimi." Hofu hiyo siidharau, nami sikuzaliwa jana. Nenda na mwenyekiti, au na wakili, nenda mchana. Lakini pima mwenyewe: aliyekwenda kituoni Jumanne na daftari, na aliyefuatwa dukani Alhamisi akiwa amefunika kengele kwa turubai, ni nani mwenye kazi ngumu zaidi mbele ya hakimu?

Na wenye mali walioibiwa, nao wasiwatie mtegoni. Kuna wanaotangaza, "aliye na kitu changu akirudishe, atapewa zawadi, hataulizwa maswali". Kanuni ya Adhabu inalikataza tangazo hilo hilo, la kuahidi kutouliza maswali. Usilisambaze kwenye ukurasa wako ukidhani unasaidia.

Niliandikiwa swali kwenye karatasi kabla ya kikao: vilivyomo dukani tayari, vilivyonunuliwa zamani bila maandishi, vifanyweje? Anzeni wiki hii, rafu moja kwa siku. Andikeni mnachokikumbuka kwa ukweli, na mahali msipokumbuka muandike "sikumbuki". Tarehe ya kuandika iwe ya siku hiyo hiyo mnayoandika. Msiirudishe nyuma, msichovye karatasi kwenye chai. Chenye dalili ya kuwa cha kabla ya 1895, au cha ukoo, kitoeni kwenye rafu ya kuuzia, mkiulizie Makavazi kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Mama wa kitenge cha buluu pale nyuma, umenyoosha mkono tangu niliposema bangili za pembe. Simama mama, tukusikie.